Mlango Uliong'olewa

Gathogo, mwenye ploti ya vyumba vya kupanga, alipoamua kumng'olea Kamene mlango, hakuja mwenyewe. Alimtuma Mukhwana, keateka wake wa kuangalia ploti, na nyundo na bisibisi, Jumatano asubuhi, chai ya Kamene ikiwa bado inatoa mvuke.

"Mwandishi, usinichukie," Mukhwana alisema, amesimama pale nje anaangalia viatu vyake. "Nimeambiwa nitoe mlango."

"Umeambiwa na nani?"

"Aki Mwandishi. Si unajua."

"Najua. Nataka nikusikie ukisema."

"Mzee Gathogo."

"Haya, toa. Lakini ole wako uniangushie kutu kwenye chai."

Kama hujawahi kupanga Kawangware, au Kibera, au popote Nairobi ambapo nyumba ni chumba, utauliza mlango umekosa nini. Sikiliza basi. Mwenye ploti akitaka uhame hana haja na korti. Korti ni mbali na ina maneno mengi. Anachukua mlango. Mtu anaweza kuvumilia giza, anaweza kuvumilia bomba kavu, lakini bila mlango atabadilishia nguo wapi? Sufuria zake atazilinda vipi? Jua halijatua utamwona ameita mkokoteni, anapakia godoro. Hiyo ndiyo dawa ya wapangaji sugu, na wenye ploti wa Gatina, hapa Kawangware, wanarithishana dawa hiyo baba kwa mwana.

Ila Kamene hakuwa mpangaji sugu. Kodi alikuwa amelipa. Hakuwa mlevi, hakuwa na redio ya kelele, wala hakuwahi kuacha sabuni kwenye bomba. Kosa lake lilikuwa sura moja ya kitabu, tena kitabu chenyewe hakijachapwa!

Mukhwana alifungua bawaba moja moja, akajitwika mlango kichwani, akaupeleka kwenye stoo ya duka, mbele ya ploti. Kamene akabaki amesimama katikati ya chumba, anautazama uwazi. Alikuwa na hasira. Kisha akaisukuma meza yake, akaielekeza kwenye uwazi ule, akaketi. Tangu aingie chumba kile alikuwa akilalamikia giza, na sasa mwanga ulikuwa tele.

"Asi!" akasema peke yake. "Kumbe ningeng'olewa zamani." Akachukua kalamu.

Wale wanaodhani mwandishi ni mtu mpole mwenye miwani, anayekaa dirishani akisubiri maneno yashuke kutoka mbinguni, hawajakutana na Kamene binti Kavoi. Alizaliwa Kianda, kule Kibera, katika chumba kilichojaa vumbi la mbao. Baba yake alikuja kutoka Machakos na ufundi wa kuchonga, na maisha yake yote alichonga vifaru vya kuuzia watalii, ilhali hajawahi kuonana na kifaru hata siku moja. Kamene alipokuwa mdogo alimuuliza, sasa unajuaje pembe inakaa wapi? Mzee Kavoi akajibu, "Naichonga, halafu naangalia mnunuzi. Mkono wake ukisimama hapo, imekaa." Hilo likawa somo lake la kwanza la uandishi, na vyote alivyofundishwa baadaye na watu wenye shahada havikulishinda.

Alitunga hadithi zake za kwanza kwenye foleni ya maji, amekalia mtungi. Akiwa na miaka kumi na tisa alipeleka moja gazetini na wakaichapa. Lo, furaha ya siku hiyo! Lakini chini yake waliandika "Bwana K. Kavoi," kwa sababu mhariri hakuamini kwamba mwandishi mkali kama yule anaweza kuwa msichana wa Kianda. Wengine wangekata kipande hicho cha gazeti na kunyamaza. Kamene alitembea kwa miguu mpaka mjini, askari wa getini akamkatalia kuingia, naye akasimama palepale getini mpaka mhariri akatoka kwenda kula. Wiki iliyofuata gazeti likaandika "Bi. Kamene Kavoi," kwa herufi kubwa kidogo kuliko kawaida, nadhani kwa woga.

Mkusanyiko wake wa kwanza, *Foleni ya Mitungi*, aliuuza mwenyewe kando ya barabara karibu na kituo cha Olympic, palepale Kibera, vitabu vimepangwa kwenye gunia kati ya sukuma wiki na viatu vya mitumba. Msomi mmoja alisema redioni kwamba hizo ni hadithi za bombani. Kamene alifurahi sana. Toleo la pili lilipotoka, maneno hayo yalikuwa kwenye jalada la nyuma, pamoja na jina la msomi. Ikafuata riwaya, *Wageni wa Jumapili*, halafu mkusanyiko mwingine. Hakutajirika. Barabara mpya ilipopita juu ya chumba chao cha Kianda alihamia Gatina, na huko Gatina ndiko alikomkuta Gathogo, au tuseme Gathogo ndiye aliyemkuta yeye.

Sasa jambo moja lazima ulijue kuhusu Kamene, maana bila hilo mambo haya yote yasingetokea. Hakupeleka ukurasa kwa mchapishaji kabla ya kuusoma bombani. Kila Jumamosi mchana, wanawake wa ploti wakiwa wanafua, alitoka na kigoda na karatasi zake, akasoma kwa sauti. Hakuuliza mtu kama amependa, kwa maana watu wa ploti wana adabu, watasema wamependa. Aliangalia mikono. Mikono ikiendelea kusugua, ukurasa ulikuwa mbovu na usiku huohuo aliuchana. Mikono ikisimama ndani ya povu, ukurasa umekaa.

Sura ya kumi na moja ya riwaya yake mpya aliisoma Jumamosi moja ya jua kali. Ilikuwa sura fupi, kuhusu moto uliotokea Kianda yeye akiwa msichana. Mikono ilisimama. Ilisimama mpaka povu likakauka kwenye vidole, na Mideva, jirani yake wa ukuta kwa ukuta anayeuza chapati pale getini, akasahau bomba wazi na maji yakamwagika hadi kwenye mtaro. Mideva ni Mragoli, na Mragoli hamwagi maji ovyo ovyo.

Kumbe mikono iliposimama, midomo ilianza kazi. Habari zikatoka bombani zikaenda dukani, zikapanda boda boda, zikavuka mpaka mtaa wa Satellite anakoishi Gathogo, na kila mdomo ukaongeza chumvi yake. Zilipomfikia zilikuwa zimeiva hivi: Kamene ameandika kitabu, ndani kuna mwenye ploti aliyefunga njia ya nyuma akaua mtoto, na mwenye ploti huyo ni wewe.

Gathogo hakuua mtoto. Tuseme ukweli. Lakini njia ya nyuma alikuwa ameifunga. Ploti ile ilikuwa na uchochoro uliotokea barabara ya pili, na mwaka uliotangulia alijenga humo vyumba viwili vya mabati ili apate wapangaji wawili zaidi, akabakisha geti la mbele peke yake. Kamene alimfuata siku ujenzi ulipoanza. Alimweleza kwa upole, jambo ambalo si kawaida yake. Gathogo akatikisa funguo zake. Alikuwa na rundo kubwa la funguo, na alikuwa hawezi kusema bila kulitikisa. Akacheka.

"Wewe ni mpangaji ama ni injinia?"

Siku hiyo ndipo Kamene aliporudi chumbani akaandika sura ya kumi na moja. Kisa alikuwa nacho tangu utotoni. Alikuwa amekiandika mara nyingi na kila mara akakiogopa: mara mtoto akampa jina lingine, mara akamponya dakika ya mwisho, mara akauhamishia moto mji mwingine. Safari hii hakuogopa. Aliandika Kianda ikawa Kianda, na mtoto akamwita kwa jina lake, Ngina.

Alhamisi, siku ya pili bila mlango, simu ikalia. Alikuwa Ambrose, mhariri wa kampuni iliyokubali kuichapa riwaya. Kijana mzuri, mwenye bidii, sauti yake laini.

"Mama, habari za huko?"

"Kuna hewa safi. Sema."

Ambrose akakohoa. Gathogo alikuwa amempigia. Ilisemekana baadaye kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake Gathogo alinunua kitabu, kimoja cha vile vya zamani vya Kamene vilivyotolewa na kampuni hiyohiyo, naye hakukifungua isipokuwa ule ukurasa wa mwanzo wenye namba ya simu ya mchapishaji. Aliwatishia kwa wakili. Alitaja korti mara nyingi.

"Kwa hivyo tumekaa tukaona," Ambrose alisema, "pengine tuiondoe hiyo sura kwa sasa. Riwaya itasimama tu. Toleo la pili tunairudisha. Si kwamba tunaogopa, Mama."

"Sema mnaogopa, Ambrose. Kuogopa si dhambi. Dhambi ni kuniita mama huku unaniuzia woga."

"Mama, nikienda nayo vile ilivyo, wakubwa watasimamisha kitabu chote. Nakwambia ukweli. Fikiria tu mpaka Jumatatu."

Kamene alikata simu, akautoa muswada wake chini ya kitanda. Miaka minane. Aliitoa sura ya kumi na moja akaiweka pembeni, karatasi chache tu, halafu akazipima zile zilizobaki kwa mikono. Zilikuwa nzito vilevile. Hakuna ambaye angejua. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, magoti yanauma, hana mume wala mtoto, na mchapishaji mwingine wa kuchukua riwaya nene ya mwanamke wa Gatina hakuwepo. Alilia. Alilia waziwazi, kwa sababu mlango haukuwepo wa kufunga, na Mideva akamwona akiwa anapita na beseni la unga.

"Woiye, Mwandishi. Ni huyu Gathogo?"

"Ni mimi. Nataka kumtoa Ngina kwenye kitabu."

Mideva aliweka beseni chini. Hakuwa mtu wa vitabu. Alijua kusoma majina ya vituo na aya za Biblia, basi.

"Ukimtoa atakwenda wapi?" akauliza.

Kamene alimtazama, akapangusa uso kwa leso, akaichukua sura ya kumi na moja na kuirudisha mahali pake, kati ya ya kumi na ya kumi na mbili. Halafu akakasirika upya, hasira nzuri, ile inayompa mtu njaa. Akamwomba Mideva chapati mbili.

Ijumaa, Gathogo akafanya kosa. Mtu mwenye nguvu husahau pa kuishia. Alimtuma Mukhwana apite mlango kwa mlango atangaze: Jumamosi mpangaji yeyote atakayeonekana bombani akimsikiliza Mwandishi, naye atang'olewa mlango. Mukhwana alitangaza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetangaza msiba wa kwao.

"Atatung'olea sisi sote?" Mideva aliuliza.

"Ndivyo amesema."

"Wewe peke yako utang'oa milango ya ploti nzima?"

"Nitafanya nini, Mama? Ni kazi."

"Woi, utaumwa mgongo bure." Mideva akanyoosha mkono. "Hebu leta hiyo bisibisi."

Akaanza na wake. Alifungua bawaba akiimba wimbo wa kanisa, akaulaza mlango uani, ukikaa juu ya mitungi minne. Kevin wa boda boda, aliyekuwa akioga, akatoka na taulo kuona kelele ni za nini. Alipoelezwa alicheka mpaka taulo likataka kuanguka. "Wacha niwahi wangu kabla bisibisi haijachoka," akasema. Baadaye wakaja mafundi wawili wa viatu waliokuwa wakiishi chumba kimoja, wakang'oa wao. Si wote waliong'oa. Jackie, aliyejifungua wiki ile, aliambiwa aache mlango wake mahali pake, na yule mzee wa chumba cha kona alijifungia ndani akaomba asihusishwe. Haya, kila mtu na moyo wake. Lakini Jumamosi ilipofika, milango ilikuwa imelala uani pande zote za bomba, rangi ya bluu na kijani na ya kutu, na watu wamekaa juu yake kama wamekuja harusini. Hakuna aliyeleta nguo za kufua.

Wa mwisho kufika alikuwa Wagaki, mke wa Gathogo. Ndiye aliyeshika duka pale mbele. Alitoka stooni akiburura kitu kizito, na watu wakampisha njia. Ulikuwa mlango wa Kamene. Aliulaza chini, akaketi juu yake, akakunja mikono.

"Soma," akasema. "Duka nimelifunga."

Kamene hakuwa amefungua hata karatasi ya kwanza Gathogo alipoingia getini. Funguo zilimtangulia, chwa-chwa-chwa, ndipo yeye. Aliitazama milango. Aliwatazama watu. Halafu akamwona mkewe ameketi juu ya ule mlango alioagiza ung'olewe, na uso wake ukabadilika.

"Wagaki! Ni nini hii?"

"Ni milango, Baba Shiru. Keti."

"Siketi!" Akamgeukia Kamene. "Wewe mama! Nimekupa nyumba, nimekupa maji, halafu unaniandika kwa kitabu? Hiyo njia ni ploti yangu! Babu yangu alikuwa analima hapa kabla baba yako ajue Nairobi iko wapi! Nikitaka kujenga hapo vyumba viwili nitajenga, na nikitaka kujenga kumi nitajenga!"

"Nani ametaja vyumba viwili?" Mideva aliuliza.

Vichwa vyote vikamgeukia Gathogo.

"Nauliza tu," Mideva akaendelea. "Mimi nilisikia hiyo sura mwanzo hadi mwisho. Chumba kilikuwa kimoja. Tena Kibera."

Mtu akacheka, mwingine akadakia, kicheko kikazunguka uani kote. Hata Mukhwana aligeuka akatazama ukuta, mabega yakimtetemeka. Gathogo alitoa simu mfukoni kwa hasira.

"Sawa. Sawa kabisa. Sasa soma! Soma vile umeniandika, nakurekodi, Jumatatu wakili anasikia. Soma jina langu mbele ya watu!"

"Nisome?"

"Soma!"

"Ni wewe umeniomba," Kamene akasema. "Wote mmesikia ni yeye ameniomba."

Akavaa miwani. Akasoma.

*"Mama zetu wa Kianda walitufundisha jambo moja kabla ya kutufundisha kuhesabu: moto ukitokea mbele, kimbilieni nyuma. Tuliimba maneno hayo tukiruka kamba. Siku ile mafuta ya taa yalimwagika kwenye jiko la jirani, na moto ukatokea mbele. Ngina alikuwa mtoto msikivu. Alikimbilia nyuma.*

*"Wiki hiyo mwenye ploti alikuwa ameijenga njia ya nyuma. Chumba kipya, mabati mapya, kufuli mpya. Mpangaji alikuwa bado hajapatikana. Watoto wengine walipoona ukuta walirudi, wakapiga kelele, wakavutwa juu kupitia paa. Ngina hakurudi. Alikuwa ameambiwa kuna njia, na yeye hakuwa mtoto wa kubishana na mama. Walionusurika walituambia walimsikia. Hakuwa akilia. Alikuwa akibisha hodi."*

Funguo zilikuwa zikilia wakati anaanza. Kamene alizisikia, chwa-chwa, na akapandisha sauti ili azipite. Sasa alifika mwisho wa ukurasa, na kwa mazoea ya miaka mingi akainua macho kutafuta mikono. Mikono ya Mideva ilikuwa mdomoni. Ya Wagaki ilikuwa imeshika ukingo wa mlango. Akatazama na ya Gathogo. Mmoja ulikuwa bado na simu, umeshuka hadi kwenye paja. Mwingine ulikuwa na funguo, na funguo zilikuwa zimenyamaza.

Ukurasa umekaa, Kamene akajiambia. Hautatoka, hata wachapishaji wote wa Kenya wapige magoti.

"Ngina ni nani?" Gathogo aliuliza. Sauti yake haikuwa ile aliyokuja nayo.

"Dada yangu. Wa kunifuata."

"Na mimi? Mimi niko wapi hapo?"

Kamene alivua miwani. Maneno mengi yalimjia, mengine makali kweli kweli, na angeyasema yote bila kujutia hata moja. Lakini alikuwa mwandishi, alijua kuchagua.

"Hukuwemo, Gathogo," akasema. "Huyo mwenye ploti alikufa zamani, Mungu amhukumu mwenyewe. Kwenye kitabu changu umeingia na miguu yako mwenyewe. Sasa ukitaka kutoka, njia ni ile." Akanyoosha kidole kuelekea vile vyumba viwili vya mabati.

Watu wote wakageuka kutazama alikoonyesha. Wagaki naye akageuka, na alitazama kwa muda mrefu kuliko wengine, maana stoo ya duka lake, ambamo bintiye Shiru hufanyia kazi za shule kila jioni, ilipakana na vyumba vile. Alimwangalia mumewe tu. Gathogo aliingiza simu mfukoni, akaondoka. Alipita kati ya milango kwa uangalifu, asikanyage hata mmoja.

Usidhani aliomba msamaha. Thubutu! Watu wa aina ile huomba msamaha kwa nyundo. Jumatatu asubuhi Mukhwana alifika na zana zake zilezile, akaanza kubandua mabati ya vile vyumba vya uchochoroni, ambavyo hadi siku hiyo havikuwa vimepata mpangaji, na kila aliyeuliza akaambiwa kwamba mzee ameamua kufanya ukarabati. "Ukarabati!" Mideva alicheka, akageuza chapati. "Na iitwe hivyo, mradi nipite."

Siku hiyohiyo Kamene alimpigia Ambrose.

"Nimefikiria mpaka Jumatatu, kama ulivyosema," alimwambia. "Sura ya kumi na moja inabaki, na jina linabaki. Hamtaki, nirudishieni mkataba, nitauza karatasi zenyewe kwenye gunia. Nilishafanya hivyo, nitafanya tena."

"Mama, ngoja kwanza. Yule bwana amepiga tena leo asubuhi."

"Anataka nini tena? Na paa?"

"Hapana," Ambrose akasema, na kwa sauti yake hakuwa bado ameamini. "Hakumtaja wakili. Ameuliza kitabu kitatoka lini. Anasema mke wake anakitaka." Akashusha sauti. "Leta muswada, Mama. Vile ulivyo. Nikigombezwa nitagombezwa."

Mlango wake ulikuwa umerudishwa, una mkwaruzo mpya pale Wagaki alipouburura. Kamene aliufunga, akakumbatia bahasha kifuani. Mguu ulitaka kwenda getini kwa mazoea, akaukataza. Akazunguka nyuma ya bomba.

Uchochoro ulikuwa mwembamba, wa kupita mtu mmoja, na ardhi yake ilikuwa bado nyeupe mahali zilipokuwa sakafu za vile vyumba. Misumari ilikuwa imezagaa, ikabidi aangalie anapokanyaga. Mukhwana alikuwa amekaa juu ya rundo la mabati, anakunywa soda, akasogeza miguu ampishe.

"Uko wa kwanza, Mwandishi."

"Sisi ni wawili," Kamene akajibu.

Mukhwana alitazama nyuma yake, hakuona mtu. Kamene alikuwa amesimama katikati ya njia, kelele za barabara ya pili zikimfikia kutoka upande wa pili, matatu na wauza ndizi na kanisa linalojaribu spika. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwita mtu mwende mkachote maji kabla foleni haijawa ndefu.

"Ngina, haya. Twende."

Wakatokea barabarani.